Kile Kichaka Ulichomwonyesha Neema

Mama,

Nimeanza barua hii mara tatu, na mara zote tatu jina la kwanza kuandika lilikuwa Neema, si lako. Nikachana karatasi. Hiyo peke yake ikuonyeshe hali niliyo nayo. Hata sasa umelala kaburini, yule binti bado anatangulia mbele yangu.

Shikamoo, Mama. Ni mimi, Mwanaidi, mwanao wa kwanza.

Nyumbani hatujambo. Mihogo ya bondeni tumeshavuna, ingawa ngiri walipita mistari miwili ya mwisho na kuichimbua yote. Jiko lako tumeliezeka upya. Mdogo wangu Rajabu yuko Mkata, anauza mahindi ya kuchoma kwa abiria wa mabasi, na anakuja kutuona kila akipata nafasi. Mjukuu wako Zaituni ameingia kidato cha pili. Sketi ya shule imeshakuwa fupi, ana miguu mirefu kama yako. Khanga zako tuligawana na mashangazi. Ile ya zambarau sikumpa mtu.

Nimemaliza habari njema. Sasa nakuja kwenye jambo lililonikaa kooni tangu uhai wako.

Unakumbuka siku Neema alipokuja kwetu mara ya kwanza? Miaka sita imepita. Alishuka kwenye pikipiki mbele ya uwanja wetu, msichana mwembamba kutoka Lutindi, kabeba mbao mbili zilizofungwa kwa mikanda na furushi la magazeti ya zamani. Akasema anasoma chuo, anasomea mimea, na ameambiwa Sindeni hii anayejua majani kuliko wote ni wewe. Mimi nilikuwa namenya mihogo. Nilitaka kucheka. Mama yangu ambaye hakukaa darasani hata siku moja, leo anatafutwa na mtu wa chuo! Niliona fahari, wallahi. Nilimletea maji ya kunywa kwa mikono yangu miwili.

Fahari hiyo haikufika jioni. Ulimchukua siku ileile, mkapanda kwenye jabali lililo nyuma ya shamba letu, kule kwenye mawe na miiba ambako hata mbuzi hawakai. Nilipofunga khanga kiunoni niwafuate, ukaniambia, "Wewe kaa na mihogo, mwanangu, jua kali." Jua kali kwangu, na kwa mtoto wa milimani aliyezoea ukungu si kali?

Mlirudi mkiwa mmejaa vumbi na furaha. Mlikuwa na tawi moja la kijivu. Kichaka chake ulikiita kivumbasi cha jabalini, kwa sababu harufu yake inakaribiana na ya kivumbasi tunachofukizia mbu, ila yenyewe kali zaidi na ina uchungu kidogo. Neema alilishika lile tawi kama ameshika kifaranga. Akasema ni la jamii moja na mnanaa, mrehani na kivumbasi, lakini hajapata kuona la namna ile, na hata walimu wake huenda hawajaona. Akalilaza kwenye magazeti, akalibana kwa zile mbao likauke, akakaza mikanda. Wewe ulikaa pembeni yake kwenye mkeka, ukamuuliza maswali. Mama, miaka yote niliyosoma shule ya msingi hukuwahi kuniuliza leo nimefundishwa nini.

Tangu hapo alikuja kila likizo. Alikuita Mama. Alipokuita hivyo mara ya kwanza nilikutazama nione utamwambia nini, nawe ukaitika, "Bee, mwanangu," kama vile ulimzaa. Ulimwekea nyama ya shingo kwenye bada letu la muhogo. Ukajifunza kutoka kwake kushika kalamu, ukiwa na umri ule, ukawa unaandika vikaratasi vya kuweka kwenye majani. Herufi zako zilikuwa kubwa zimeinama kama watu wanaopalilia. Nilivipata vikaratasi vile chini ya godoro lako. Kimoja kimeandikwa SHINA PEMBE NE. Kingine MAJANI YANATAZAMANA. Nilitafuta kimoja chenye jina langu. Hakipo.

Ngoja nilitaje, maana ukiwa hai sikulitaja. Mimi nilifaulu, Mama. Jina langu lilibandikwa ukutani pale shuleni, la tatu kutoka juu. Nilikuja mbio nikakuambia, "Nimefaulu, nimechaguliwa sekondari!" Baba alikuwa ameshafariki, Rajabu ananyonya, na wewe ulikuwa peke yako na shamba. Ukasema, "Tutaona baada ya mavuno." Mavuno yakaja, yakapita. Hakuna aliyesema neno. Nikambeba Rajabu mgongoni, nikashika jembe. Wala sikukulaumu, nilijua hali yetu. Lakini ukiona mama yako amekaa mkekani na mtoto wa mtu, anamsomesha na kusomeshwa, ndani panaungua.

Sasa nisikilize makosa yangu.

Siku moja niliwafuata. Nilijificha nyuma ya mawe kama mwizi, nikawaona mmechuchumaa kwenye ufa wa jabali. Ulimfumba macho kwa kiganja chako, ukampa kijiti akizungushe vidoleni aseme ni cha mti gani. Akakosea, mkacheka. Ukamwambia, "Sikiliza kwa vidole. Kina kona nne." Nilirudi nyumbani nikamchapa Zaituni bila kosa. Ndivyo nilivyopajua mahali penyewe.

Halafu ukaugua, ukatutoka masika yakiwa yanaishia. Neema alifika siku ya msiba, amesafiri tangu alfajiri kutoka Lutindi hadi Korogwe, na kutoka Korogwe hadi kwetu. Aliingia ukumbini akaanguka chini, akalia kwa sauti kuliko mtu yeyote. Wanawake wakamzunguka, wakampepea, wakampa pole. Shangazi Mwanahamisi akawaambia wageni, "Huyu ndiye alikuwa mtoto wake wa majani." Mimi nilipomaliza kukuosha nilisimama mlangoni, mikono ina harufu ya karafuu maiti, naye bado anapepewa. Hakuna aliyenipepea. Nilimwangalia nikasema moyoni, hata kilio amenipora.

Kwenye arobaini akaja tena, akatangulia siku moja. Baada ya kisomo aliniita pembeni, akaniamkia kwa heshima. Akasema, "Dada, kazi yetu imebaki kitu kimoja. Tuna majani, tuna maua, lakini mbegu zilizokomaa hatuna. Bila mbegu chuoni hawatakubali kusema hiki ni kitu gani. Mama aliniahidi atazichuma msimu huu. Nimepanda jabali jana peke yangu, nimezunguka mchana kutwa, sikukiona. Wewe unapajua?"

Nilimtazama machoni, nikasema, "Sipajui. Mlikuwa mnaenda wenyewe."

Akaitikia "Haya dada," akaondoka ameinamisha kichwa. Nilijua kwa nini hakukiona. Wakati wa kiangazi kichaka kile hupukutisha majani yote, hubaki vijiti vya kijivu juu ya jabali la kijivu. Mwenye haraka atapita hatua moja tu pembeni yake akidhani ni kuni.

Kesho yake nilichukua panga, nikapanda. Sitakuficha nia yangu, nilikwenda kukimaliza. Nilisema kama mimi sikuwa na sehemu yangu pale, basi na yeye asiwe nayo. Nilikuta vichaka saba katika ule ufa. Kimoja kikubwa, shina lake la chini nene kama kifundo cha mkono wangu, gome limepasuka. Shina la zamani lile halina kona, ni la mviringo kama mti mwingine wowote. Nikakipiga panga. Mara tatu. Matawi yakaanguka, na harufu ikanipanda puani.

Mama, ilikuwa harufu ya mikono yako. Miaka sita nilidhani ni mafuta ya Neema unayojipaka. Nikakaa chini pale pale. Nikaokota kijiti kimoja chembamba cha mwaka ule, nikakizungusha vidoleni. Kina kona nne kweli. Nikakitupa. Nikakiokota tena. Vile sita sikuvigusa.

Vuli ilipoanza nilipanda jabali kukitazama nilichokikata. Nilikuwa na hofu kama aliyemjeruhi mtu na sasa anakwenda kuchungulia kama anapumua. Siku ya tisa baada ya mvua ya kwanza, kwenye kisiki, chini kabisa penye ufa, niliona vidoti vyeupe. Siku ya kumi na mbili ni majani, mawili yanatazamana kama watu wanaosalimiana, na juu yake mawili mengine yamegeuka upande, ukitazama kwa juu ni alama ya kujumlisha. Niligundua weupe wake si rangi ya jani. Ni vinyweleo vimejilaza, laini kama vya sikio la ndama, na chini yake jani ni la kijani kabisa. Nikageuza jani juani nikaona vitone vinang'aa upande wa chini, vidogo kama ncha ya sindano. Humo ndimo harufu inakaa. Ukikipita bila kukigusa hakisemi kitu. Ukikisugua ndipo kinakujaa mkononi.

Nikawa nakwenda kila siku ya tatu. Kupalilia mboga nikasahau, Zaituni akaniuliza, "Mama, una nini siku hizi?" Nikamwambia natafuta kuni. Nilirudi bila kuni.

Mvua zilipokolea majani yakawa makubwa, mara mbili ya yale ya kwanza, na vinyweleo vikapungua, kama kimevua koti. Kisha maua. Rangi ya zambarau iliyopauka, yamezunguka shina ghorofa kwa ghorofa. Kila ua lina mdomo wa juu na mdomo wa chini. Wa chini umetokeza mbele, na juu yake zimelala nyuzi nne zenye chavua. Niliwaona nyuki wale wadogo wasiouma wakitua kwenye mdomo wa chini, wanajipaka tumbo, wanaondoka. Nilikaa juani mpaka kichwa kikauma, na sikujali. Nikaelewa kwa nini mlikuwa mnachelewa kurudi. Nikaona wivu upya, wivu wa kitu kilichopita ambacho hakirudi. Mngenichukua hata siku moja, Mama. Moja tu.

Maua yalipodondoka, kikombe cha kijani kilichoyashika kilibaki, kikageukia chini, mdomo wake ukafungwa na vinyweleo. Nikakipasua kwa ukucha. Ndani kuna vikokwa vinne vyeusi, vimekaa pamoja kama watoto kitanda kimoja. Kila kikombe nilichopasua ni vinne, na pale ambapo ni vitatu, pana alama ya kile kimoja kilichokosa kukua. Nilikusanya vya kutosha kufunika kiganja. Kiganja kilikuwa na jasho. Nilipotaka kuvihamishia kwenye pindo la khanga vikagoma kutoka. Nikatazama, kila kimoja kimejifunika utelezi, kimevimba, kimenata ngozini kama bamia. Nikacheka peke yangu juu ya jabali. Ndivyo kinavyoweza kuishi pale! Mvua ikigusa tu, mbegu inajigandisha kwenye mwamba, maji hayaisombi.

Hili hukumwonyesha Neema. Sidhani hata wewe ulilijua. Lilikuwa langu peke yangu, na kwa wiki mbili nilitembea nalo kama mtu aliyevaa nguo mpya. Niliwaza nitalifungia moyoni mpaka nife.

Sijui ni nini kilichonipeleka Lutindi. Labda Zaituni, aliyekuwa anasoma kwa sauti kazi yake ya biolojia akafika mahali hakuelewa, akafunga daftari. Nikamwambia, "Muulize mwalimu." Akasema mwalimu yuko mmoja na wao ni wengi. Nikamkumbuka Neema na swali lake moja alilokosa jibu kwa sababu yangu.

Nikapanda gari hadi Korogwe, nikapata jingine la kwenda juu. Sikuwahi kufika milima ile. Baridi, migomba inadondosha maji, na kanisa la zamani la misheni linaonekana na kutoweka kwenye ukungu. Bibi mmoja niliyemuuliza njia alinijibu kwa Kishambaa, nikamjibu kwa Kizigua, tukaelewana. Nyumba ya kina Neema ina kibaraza cha mbao. Nilimwamkia mzee, baba yake. Nikauliza mama mwenye nyumba yuko wapi. Mzee akasema, "Mama Neema alitutoka huyu akiwa darasa la pili." Miaka sita alikuja kwetu, alikula kwetu, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Neema alinikaribisha chai. Nikafungua pindo la khanga, nikaweka mbegu mezani. Nikamwambia ukweli wote kabla hajafurahi. Kwamba nilipajua. Kwamba nilimdanganya siku ya arobaini yako. Kwamba nilikata kile kikubwa kwa panga.

Alisimama akaingia ndani. Nikasikia saa ya ukutani ikigonga, nikaanza kukunja khanga niondoke. Akatoka na daftari na kalamu, macho mekundu. Akaniuliza, "Kilichipua siku ya ngapi baada ya mvua?"

Nikamwambia ya tisa. Akaandika. Akauliza mengine, nikajibu, na kila nilipojibu aliandika. Nikamwomba sahani na maji. Nilipodondosha mbegu majini na utelezi ukaanza kutoka, aliweka mikono kichwani, akasema, "Dada! Hii nani alikufundisha?"

"Hakuna aliyenifundisha," nikasema. Mama, sijawahi kusema neno tamu kama hilo.

Baadaye, chai imepoa, nikamuuliza swali lililonipandisha mlima. Kwa nini hukunichukua. Neema hakutaka kusema. Nikamshikilia. Mwisho akasema alikuuliza siku moja, mkiwa jabalini, kwa nini dada haji nasi.  Ukamwambia, "Nikimkalisha Mwanaidi mbele ya jambo la kusoma, ataniuliza habari ya sekondari, na mimi sina la kumjibu."

Unajua nilivyohisi? Usidhani nililia. Nilitaka kumpiga. Hata majuto yako juu yangu ulimpa yeye ayatunze. Yalikuwa yangu, Mama. Ungeniletea mimi. Nisingekuuliza kitu. Au ningekuuliza, ungenyamaza, nasi tungenyamaza pamoja, ingetosha.

Nadhani aliiona hasira yangu, maana naye akapandisha. Akasema, "Dada, unanionea wivu mimi? Wewe ulimwosha. Mimi nilikaa ukumbini na wageni, nikasikia maji yanamwagwa nyuma ya pazia, sikuruhusiwa hata kumshika mguu. Unajua nimekuonea wivu kiasi gani?"

Hatukukumbatiana. Tulikaa, kila mtu na kikombe chake. Baba yake alikuja akachukua sahani ya mbegu, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha mezani.

Kabla sijaondoka, Neema aliandika karatasi ya kuweka pamoja na zile mbegu. Sehemu ya aliyekusanya aliandika jina langu kamili, na Sindeni, Handeni. Sehemu ya aliyekionyesha mara ya kwanza aliandika jina lako. Akanipa nisome. Nilisoma mara mbili. Lake hakuandika popote.

Basi hivyo ndivyo ilivyo, Mama. Nakuomba radhi kwa panga. Na mimi ya sekondari nimekusamehe, nakuandikia ili usiendelee kuihofia huko uliko. Ya jabalini bado. Hiyo nipe muda. Kuna siku natandika kitanda na inanirudia upya, na nakasirika peke yangu chumbani, kisha nacheka kwamba nagombana na marehemu.

Mungu akulaze pema, akupanulie kaburi lako. Naahidi vichaka vyote saba nitavilinda, mchoma mkaa asivikaribie, na Zaituni nitampandisha kuvitazama hata kama jua ni kali. Neema anakuja Jumamosi. Nitampikia bada, na nyama ya shingo nitamwekea, kwa ajili yako. Lakini njia ya jabalini nitatangulia mimi. Yeye atanifuata nyuma.

Mwanao,
Mwanaidi